Maswali Yenu: Filamu ya Bendi ya Roki Huharibikia Wapi?

Katika toleo lililopita tuliwaalika wenye skripti, wenye kamera na wenye nia ya kuigiza safari ya bendi ya roki watuletee maswali. Barua zimekuja nyingi. Tumechagua zinazogusa sehemu ambazo filamu za aina hii huteleza mara kwa mara, na meza ya filamu imekaa pamoja na meza ya muziki kuzijibu.

Ndugu wahariri, skripti yangu ina kurasa 140. Inawafuata vijana wanne tangu gereji hadi uwanja wa mpira, kipindi cha miaka 14. Kila anayeisoma ananiambia ni nzuri ila inakimbia. Nikate wapi?
*Mwandishi wa skripti ya kwanza*

Ndugu mwandishi, ukurasa mmoja wa skripti huchukua takriban dakika moja ya filamu. Kurasa 140 kwa miaka 14 ni dakika kumi kwa kila mwaka, na ndani ya dakika hizo kumi unataka mtu aoe, arekodi albamu, agombane na meneja na kuanza ulevi. Hakuna sini inayoweza kusimama hapo. Yote yanageuka taarifa ya habari yenye muziki nyuma yake.

Usianze kwa kukata sini. Anza kwa kukata miaka. Tafuta kipindi ambacho watu hawa wanne walikuwa na kila sababu ya kuachana na hawakuachana, au waliachana na mmoja tu. Mara nyingi ni mwaka mmoja hadi miwili, na mara nyingi ni kabla ya umaarufu. Filamu ya Backbeat ya 1994 iliwachukua Beatles hasa wakiwa Hamburg, wakati bado wanapiga nyimbo za watu wengine kwenye vilabu, ikaacha umaarufu wote uje baada ya filamu kwisha. Mtazamaji anajua kitakachofuata, kwa hiyo huna haja ya kumwonyesha.

La pili ni ule mfululizo wa picha za haraka ambao tuna hakika umo kwenye skripti yako: gari linakimbia barabarani, bango, ukumbi mdogo, bango kubwa zaidi, ukumbi mkubwa zaidi, namba za chati zinapanda. Mfululizo huo unatuambia kwamba bendi ilipanda, hautuambii kwa nini. Weka badala yake uamuzi mmoja uliobadilisha mambo. Mwaka 1962 wimbo wa Beatles "Love Me Do" ulirekodiwa na wapiga dramu watatu tofauti, Juni na mara mbili Septemba. Katikati yake, Agosti 16, mpiga dramu wao Pete Best aliitwa ofisini na meneja Brian Epstein akaambiwa kwamba hayumo tena. Wenzake watatu hawakuwepo chumbani. Hiyo ndiyo sini: marafiki wanaotaka mpiga dramu bora na hawana ujasiri wa kumtazama yule waliyepiga naye miaka miwili. Dakika nne za chumba hicho zinaeleza kupanda kwa bendi kuliko mabango ishirini. (Na tafadhali, lile gazeti linalokuja likizunguka mpaka lijaze skrini nzima lipumzishwe.)

Jaribio moja kabla hujarudi mezani. Futa majina ya wasemaji kwenye kurasa kumi zozote, kisha mpe mtu mwingine asome. Asipoweza kumtofautisha mpiga besi na mpiga dramu, wewe huna bendi. Una nyota mmoja na wasindikizaji watatu. Kila mmoja apewe anachokitaka, anachoogopa kukipoteza, na kazi yake ndani ya wimbo wenyewe. Hili la mwisho ndilo husahaulika. Mpiga besi anayegoma kupiga sehemu fulani ya wimbo ana mgogoro unaosikika. Mpiga besi anayelalamika hotelini kwamba haheshimiwi ana maneno tu.

Wahariri, tunataka kuigiza bendi iliyokuwepo kweli. Mmoja wetu anasema watu maarufu hawahitaji kuombwa ruhusa. Mwingine anasema wimbo mmoja tu unaweza kuiua filamu nzima. Nani yuko sahihi?
*Kikundi cha watayarishaji wanne*

Wote wawili wana nusu ya ukweli, na hasara iko kwenye nusu zilizobaki.

Kuhusu watu: katika nchi nyingi mambo yaliyo kwenye kumbukumbu za umma yanaweza kuigizwa bila kununua ruhusa, lakini sheria za kashfa na za faragha hazilali. Ndiyo maana watayarishaji hulipia haki ya kusimulia maisha ya mtu hata pale ambapo si lazima: wananunua ushirikiano wake na ahadi kwamba hatawashtaki. Asiyekubali huachwa nje. The Runaways ya 2010 ilikosa ridhaa ya mpiga besi wa bendi hiyo, kwa hiyo filamu ikamweka mpiga besi wa kubuni aitwaye Robin. Ukifanya hivyo, fanya mapema, kabla hujampa mhusika huyo sini inayobeba hadithi.

Kuhusu nyimbo: rekodi moja ina haki mbili. Moja ni ya utunzi, yaani maneno na melodi, ambayo iko mikononi mwa mtunzi au kampuni inayosimamia kazi zake. Nyingine ni ya rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi ni ya lebo. Ukitumia rekodi asilia unahitaji leseni zote mbili. Waigizaji wakiurekodi wimbo upya, unahitaji ya utunzi peke yake. Lakini kama watunzi ni watatu na wanasimamiwa na kampuni tofauti, wote lazima wakubali, na mwenye asilimia tano akikataa unabaki bila wimbo. Ile hadithi ya kwamba sekunde nane au thelathini ni bure haina msingi wowote. Hata mhusika akiimba mstari mmoja bafuni, huo ni utunzi wa mtu.

Sasa linalowaua wengi: wanapiga picha kwanza, wanaomba baadaye. Filamu ya 2013 kuhusu Jimi Hendrix haikuruhusiwa nyimbo zake alizotunga, ikabidi isimame juu ya miaka 1966 na 1967 na nyimbo za wengine ambazo kweli alizipiga. Stardust ya 2020 ilimwigiza David Bowie bila wimbo wake hata mmoja. Mtu anapomsubiri mwanamuziki aimbe kile anachokijua, na hakiimbi kamwe, hakuna uigizaji unaoziba hilo pengo. Kwa upande wa pili, bendi yenyewe inaweza kugawanyika. Mwaka 2021 mwimbaji John Lydon alipinga nyimbo za Sex Pistols zitumike kwenye tamthilia kuhusu bendi hiyo, akashindwa Mahakama Kuu ya London kwa sababu wanabendi walikuwa na mkataba wa 1998 uliowaruhusu kuamua kwa kura za wengi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, ulizeni kama kuna mkataba wa namna hiyo na nani anaweza kusaini kwa niaba ya nani.

Mkipata leseni, someni mipaka yake. Leseni ya matamasha ya filamu pekee ni rahisi, na ni mtego: siku msambazaji akiitaka filamu, mwenye wimbo anajua hamna pa kukimbilia. Ombeni tangu mwanzo bei ya hatua zote, yaani matamasha, kumbi za sinema, televisheni na mitandao, hata kama mtalipia hatua ya kwanza tu. Na mkikuta kifungu kinachosema mwenye wimbo huyu atalipwa sawa na atakayelipwa zaidi, hesabuni upya bajeti yote: wimbo mmoja ghali utapandisha mingine yote.

Ushauri wetu, ambao hamkuuomba: buni bendi. Utatunga nyimbo mwenyewe, utamiliki nyimbo zako, na hakuna familia ya marehemu itakayokuandikia barua.

Nimebuni bendi. Tatizo langu ni wimbo unaotakiwa kuwa mkali. Nikiuandika naona aibu.
*Asiyetaka jina litajwe*

Usiuandike wewe. Mpe mtunzi wa nyimbo kazi hiyo mapema, akiwa na masharti: mwaka, aina ya bendi, uwezo wa mwimbaji, na kwamba kiitikio kianze kabla ya sekunde ya 45. Wimbo utasikika mara nyingi, kwa hiyo lazima uvumilike. That Thing You Do! ya 1996 ilitungiwa wimbo na Adam Schlesinger, ukarudi tena na tena ndani ya filamu nzima, na ujanja ni kwamba hadithi inaanzia kwenye wimbo huo huo: ulikuwa wa polepole, mpiga dramu mpya akauanza kwa kasi jukwaani bila kuwaambia wenzake, watu wakacheza. Mtazamaji ambaye hajui nota hata moja anasikia kwa masikio yake kwa nini bendi ilipanda.

Na usiwaweke wahusika wengine wausifu. Kila "huu utakuwa namba moja" kinywani mwa prodyuza unaupunguzia wimbo nguvu.

Kwenye filamu yetu bendi inaanza ikiwa mbovu. Tumewaambia wanamuziki wapige vibaya, tukapata kelele za vichekesho. Tufanyeje?
*Mwongozaji*

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu. Bendi changa haikosei ovyo. Inakosea kwa mpangilio, na kila kosa lina sababu yake.

Mpiga dramu huongeza kasi kila anapoingia kwenye mapambo kati ya ubeti na kiitikio, na hairudishi. Wimbo ulioanza kwa mapigo 132 kwa dakika unaishia 142. Mpiga besi anachelewa kubadilisha nota kwa sababu anautazama mkono wa mpiga gitaa badala ya kuisikiliza ngoma ya mguu. Kwenye gitaa ni uzi mmoja tu uliolegea, kwa senti 15 hivi (nusu toni moja ina senti 100); mkilegeza nyuzi zote inakuwa mzaha. Mwimbaji anaifikia nota ya juu vizuri, kisha anashuka mwishoni mwa sentensi kwa kukosa pumzi. Wote wanapiga kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Na hakuna anayejua wimbo unaishaje: wawili wanasimama, mmoja anaongeza pigo, mmoja anacheka.

Rekodini matoleo matatu. La kwanza la gereji, wote chumba kimoja, bila kliki ya kuongozea kasi. La pili la klabu, miezi kadhaa baadaye: besi na ngoma ya mguu sasa vinatua pamoja, lakini mwimbaji bado anapiga kelele. La tatu la studio, kwa kliki, na humo mtu mmoja apunguze anachokipiga. Wengi hudhani bendi ikikua hupiga zaidi. Inapiga machache, na ndiyo maana inasikika kubwa.

Wanamuziki hodari wakishindwa kupiga vibaya, wabadilishane vyombo. Mpiga gitaa akikaa kwenye dramu anakuwa na hisia ya wakati lakini hana mkono, na hicho ndicho kiwango cha kijana wa miezi sita. Kwa toleo lisilo na kliki, acheni hesabu ya mapigo manane mwanzoni mwa faili, la sivyo siku ya kupiga picha hakuna mwigizaji atakayeingia pamoja na mwenzake.

Tuna wiki kumi na waigizaji watatu wasiowahi kushika chombo. Inatosha?
*Mratibu wa mazoezi*

Inatosha kama hamtawafundisha muziki. Wafundisheni nyimbo nne tu, na ndani ya nyimbo hizo, sehemu zitakazoonekana. Kaa na mwongozaji mtie alama kwenye skripti: hapa mikono inaonekana, hapa uso peke yake, hapa mbali. Mara nyingi mikono yenye kazi halisi haizidi sekunde 30 au 40 kwa wimbo. Hizo zipigwe sawasawa kabisa, kwa sababu kila mpiga gitaa ukumbini atazitazama vidole kabla ya uso.

Dramu ndiyo isiyodanganyika, mwili mzima unahusika. Mtafuteni mwigizaji anayejua kupiga tayari, hata kama ana sura ya kawaida, mkampunguzie maneno. Apige kweli. Ili sauti isiharibu maikrofoni, wekeni ngozi za wavu kwenye ngoma na matoazi yenye matundu ya mazoezi. Ila kwa picha ya karibu rudisheni toazi la kawaida, maana namna linavyoyumba baada ya kupigwa ni tofauti.

Mwimbaji aimbe kwa sauti kamili hata kama sauti itakayotumika ni ya rekodi. Anayechezesha midomo tu hana mshipa shingoni, hana pumzi kabla ya mstari, na tumbo limetulia. Kwenye Bohemian Rhapsody ya 2018, filamu kuhusu bendi ya Queen, sauti tunayoisikia imechanganywa kutokana na rekodi za mwimbaji wa Queen Freddie Mercury mwenyewe, mwimbaji Marc Martel na mwigizaji Rami Malek, na mchanganyiko huo unakubalika kwa sababu mwili unaoonekana unafanya kazi ya kuimba. Waigizaji wa Control ya 2007, filamu kuhusu bendi ya Joy Division, walikwenda mbali zaidi, wakapiga wenyewe kwenye sini za maonyesho. Hiyo ni njia nzuri kwa bendi ambayo ukali wake uko kwenye ukavu, si kwenye ufundi.

Jambo dogo linalosumbua siku ya kwanza ya kupiga picha: watu hujifunza gitaa wakiwa wameketi. Wakisimama na mkanda umeshushwa hadi nyonga kama roki inavyopenda, kifundo cha mkono kinapinda kwa namna nyingine na vidole havifiki. Kuanzia wiki ya tatu wafanye mazoezi wakiwa wamesimama, mkanda ule ule, viatu vile vile. Na mtu mmoja awe na kazi ya kukagua kama waya wa gitaa umechomekwa na taa ya amplifaya inawaka.

Wimbo wa dakika nne: mwanzoni midomo inalingana na sauti, mwishoni imepishana. Mhariri anamlaumu mwigizaji.
*Msaidizi wa uhariri*

Mwambie amwache. Kama kupishana kunaongezeka taratibu, ni kasi ya fremu. Kamera ikiwa imewekwa fremu 23.976 kwa sekunde na mradi wa sauti ukadhania 24, tofauti ni asilimia 0.1. Kwa sekunde 240 hiyo ni sekunde 0.24, karibu fremu sita. Pimeni kwenye dakika ya kwanza: mkikuta kama fremu moja na nusu, mmempata mchawi. Nyosheni sauti kwa asilimia hiyo 0.1 na mambo yameisha. Kama ni 24 dhidi ya 25, mngekuwa mmepishana sekunde kumi na kila mtu angeona.

Kama kupishana ni kule kule tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho, tazameni spika iliyotumika. Spika ya Bluetooth inaweza kuchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, yaani fremu mbili, tatu, hata nne. Tumieni waya. Na gongeni kibao cha kulinganishia picha na sauti mwanzoni na mwishoni mwa kila wimbo, si mwanzoni tu.

Kuna mtego wa tatu, picha ya mwendo wa polepole. Mkipiga fremu 48 ili zionyeshwe kwa 24, sauti ya kuongozea lazima ichezwe kwa kasi maradufu. Mwimbaji anaweza kujitahidi. Mpiga dramu wa wimbo wa mapigo 140 atatakiwa kupiga 280, na hatapiga. Tumieni fremu 30: sauti inachezwa kwa asilimia 125, mapigo yanakuwa 175, na picha bado inapata uzito kidogo.

Wahusika wawili wanazungumza ukumbini bendi ikiwa inapiga. Tukizima muziki, umati unapoteza mdundo. Tukiuwasha, maneno hayasikiki.
*Mrekodi sauti*

Weka mdundo wa chini peke yake, wa takriban hezi 40, utoke kwenye spika kubwa ya besi iliyolazwa sakafuni. Umati unausikia miguuni. Sauti ya kuzungumza iko juu ya hapo, kwa hiyo baadaye unakata kila kilicho chini ya hezi 80 na maneno yanabaki safi. Waambie wahusika wapige kelele kana kwamba bendi iko hapo. Sini hii ikikosewa ni kwa sababu watu wawili wananong'ona mita tano kutoka kwenye gitaa la umeme.

Je, kuna ubaya kusogeza tarehe za matukio ya kweli ili hadithi ikae vizuri?
*Mwanafunzi wa filamu*

Kurudisha wimbo nyuma miaka minne ni dhambi ndogo. Bohemian Rhapsody inawapa Queen wimbo wa 1978 katika ziara ya Marekani ya miaka ya mwanzo, na wengi hawakujali. Kusogeza sababu ndilo jambo zito. Filamu hiyo hiyo inaonyesha bendi iliyosambaratika ikikutana tena kwa ajili ya tamasha la hisani la Live Aid la Julai 13, 1985, ilhali Queen walikuwa wametoa albamu mwaka 1984 na ziara yao ilikuwa imeisha Mei 1985, wiki chache tu kabla. Tena inamfanya Mercury awaambie wenzake kuhusu virusi vya UKIMWI kabla ya onyesho hilo, wakati simulizi za waliokuwa karibu naye huuweka uchunguzi huo mwaka 1987. Hapo filamu haikubana muda tu. Ilibuni msukumo: ugonjwa ukawa ndiyo sababu ya onyesho kuwa bora. Filamu ilipata tuzo nne za Oscar, kwa hiyo usitarajie waamuzi wa tuzo wakuadhibu, lakini mtu aliyekufa amebandikwa nia ambayo hakuwa nayo.

Kipimo chetu ni hiki. Ukisogeza tukio, je, mtu analaumiwa au kusifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya? Kama hapana, sogeza. Kama ndiyo, tafuta njia nyingine. Njia moja ni kukiri waziwazi: kwenye 24 Hour Party People ya 2002, mwanamuziki Howard Devoto halisi anatokea kama mfanya usafi na kusema hakumbuki kabisa jambo tulilooneshwa likitokea. Inachekesha na inaondoa deni.

Hadithi inaanza 1966 na kuisha 1983. Tuangalie nini kwenye vyombo?
*Mbunifu wa mandhari*

Anza na mambo ambayo mashabiki watayaona kwanza. Gitaa la Stratocaster la Fender lilikuwa na kichwa kikubwa kuanzia mwishoni mwa 1965 hadi 1981. Chenye kichwa kidogo mwaka 1974 kinatakiwa kiwe gitaa kuukuu. Pedali ndogo za Boss za rangi rangi, za kubadilisha sauti ya gitaa, zilianza 1977. Kurekodi demo nyumbani kwa kaseti ya njia nne kulianza 1979. MTV ilianza Agosti 1, 1981, na sidii iliingia sokoni 1982. Kifaa cha kutyuni kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa kisionekane hata kwa bahati mbaya. Hata filamu kubwa huanguka hapa: Back to the Future inampa kijana aliyerudi mwaka 1955 gitaa la Gibson ES-345, ambalo halikuwepo mpaka mwishoni mwa muongo huo.

Kosa la pili ni usafi. Bendi maskini ya 1966 haina gitaa la 1966. Ina la mtumba, uzi mmoja umefungwa fundo, na amplifaya moja inayotumiwa na gitaa na sauti ya mwimbaji kwa pamoja.

Namna gani ya kuonyesha ugomvi wa pesa bila hotuba?
*Mwandishi wa tamthilia*

Onyesha hesabu. Tuseme lebo imewapa vijana wanne malipo ya awali ya 100. Meneja anachukua 20, mwanasheria 5, studio na prodyuza 55. Zinabaki 20, yaani tano kila mmoja, za kuishi mwaka mzima. Malipo hayo ni deni. Mrabaha wao, yaani sehemu yao ya mauzo, ukiwa asilimia 12, deni linakatwa kwenye hiyo 12, kwa hiyo mauzo lazima yafike 833 ndipo wapate senti ya kwanza. Wimbo uko redioni, lebo imekusanya mamia, na mpiga besi anaomba nauli.

Halafu mtunzi anapokea hundi. Haki ya utunzi kwa kawaida ni mfuko tofauti na wa rekodi, na hauhusiki na deni hilo ikiwa mikataba imetenganishwa. Aliyeandikwa kama mtunzi anakuja mazoezini na gari. Mpiga gitaa aliyebuni ile sehemu ya mwanzo ambayo kila mtu anaifahamu hakuandikwa, kwa sababu siku ile waliona haina maana kuandikana. Huhitaji mhusika yeyote aseme neno "usaliti". Gari likiegeshwa linatosha.

Madawa ya kulevya: tuweke au tusiweke?
*Mtayarishaji*

Yakiwa yanabadilisha uamuzi wa bendi, weka. Yakiwa ni kituo cha lazima kati ya dakika ya 70 na ya 85 kwa sababu filamu nyingine zote zinayo, toa.

Tuna watu 80 wa umati na ukumbi wa watu 2,000.
*Meneja wa uzalishaji*

Pigeni kutoka nyuma ya bendi, taa zikitazama kamera, moshi kidogo, lenzi ya milimita 85 hadi 135, na watu 80 wapangwe kwa umbo la pembe tatu inayoanzia mbele ya lenzi. Nyuma yao giza. Kwa picha moja pana, fungeni kamera kwenye tripodi isiguswe, mpige watu hao kushoto, kisha katikati, kisha kulia na nyuma, halafu mziunganishe. Katika picha hiyo msitumie moshi wala taa zinazotembea, maana havitalingana kwenye maungio. Moshi huongezwa baadaye. Wabadilishane nguo kila zamu, na mwenye kofia nyeupe aivue.

Makofi nayo. Sauti husafiri mita 34 hivi kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo walio nyuma ya ukumbi mkubwa hupiga makofi wakiwa wamechelewa. Mkiyarekodi yote yakatua pamoja, masikio yanajua ni chumba kidogo. Sogezeni tabaka la nyuma kwa fremu mbili au tatu.

Na mtazame skripti: umati hauwezi kuimba pamoja na bendi kiitikio cha wimbo ambao haujawahi kusikika popote. Tumeliona kosa hili kwenye skripti tatu kati ya zilizoambatanishwa na barua za mwezi huu. Mara ya kwanza watu wasimame wakitazama. Wapige kelele kwa nota ya kwanza pale tu ambapo tumeshaonyeshwa walikoisikia.

Mhusika wetu anapiga kwa mkono wa kushoto, mwigizaji ni wa kulia. Tugeuze picha?
*Mpiga picha*

Inawezekana kwa sekunde chache za karibu, kwa masharti. Jina la kampuni kwenye kichwa cha gitaa, maandishi kwenye fulana na mabango yote yaandikwe kinyume au yafichwe. Vifungo vya shati vihamie upande wa pili, nywele zilizogawanywa pia, na saa ihame mkono. Wenzake walioko nyuma wasionekane, la sivyo mpiga dramu naye atakuwa wa kushoto. Gitaa lenyewe litaonekana la kushoto halisi, lenye nyuzi nene juu na vitufe chini. Kama mhusika wenu ni wa wale wanaoligeuza gitaa la kulia juu chini, vitufe vinatakiwa viwe juu, kwa hiyo kugeuza picha hakutasaidia, mtahitaji gitaa la kushoto mkononi mwa mwigizaji wa kulia, alishike juu chini, kisha ndipo mgeuze.